Merikebu, Kihamba na Kisiwa: Fanani na Fumbo la Mauaji kutoka Old Moshi hadi Unguja

Ikisiri

Hadithi ya mauaji yanayotokea ndani ya merikebu, ambamo kila abiria ni mtuhumiwa na kila mtuhumiwa ni mwigizaji, huchukuliwa kuwa kielelezo cha riwaya ya upelelezi. Kwa mtazamo huo, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili huonekana kuwa utanzu ulioletwa na maji, ukashuka pwani pamoja na vitabu vya Kiingereza. Makala haya yanachunguza upya mtazamo huo kwa kurejelea historia ya mambo matatu: chungu cha laana cha Wachaga na mauaji ya Mangi Meli huko Old Moshi mwaka 1900, wimbo wa Kijiti ulioimbwa na kundi la Siti binti Saad, na riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hoja kuu ni kwamba katika sanaa za maneno za eneo hili fumbo la mauaji halimaliziki muuaji anapojulikana. Swali linalobaki ni nani atalazimishwa kujibu, na mwenye kulishika swali hilo ni fanani.

1. Utangulizi

Katika kijiji cha Tsudunyi, Old Moshi, umesimama mti ambao wenyeji huwaonyesha wageni. Ni mti alionyongewa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Waliomnyonga wanajulikana. Sababu waliyoitoa inajulikana. Siku inajulikana. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja masimulizi ya tukio hilo yameendelea kuwa na umbo la fumbo: nani alipeleka maneno kwa Wajerumani, na kichwa cha marehemu kilipelekwa wapi?

Umbo hilo linaibua swali la kinadharia. Uhakiki wa riwaya ya upelelezi umezoea kuuona utanzu huu kuwa ni safari kutoka kutojua kwenda kujua. Msomaji huanza na maiti, humaliza na jina la muuaji, kisha hufunga kitabu. Ikiwa ndivyo, masimulizi ya Old Moshi hayawezi kuingia katika utanzu huu, kwa kuwa jina la muuaji limo katika sentensi ya kwanza. Lakini anayeyasikiliza hukaa katika taharuki ileile, hupima ushahidi uleule na humtilia shaka mtu baada ya mtu. Ama masimulizi hayo si fumbo la mauaji, au maana ya fumbo la mauaji imefinywa mno.

Makala haya yanashikilia jibu la pili. Ili kulitetea, yanaanza na umbo linalohesabiwa kuwa safi kuliko yote, yaani mauaji ndani ya merikebu. Kisha yanapanda mlimani, yanashuka hadi Unguja, na kurejea Tsudunyi.

2. Merikebu kama jukwaa

Riwaya ya Agatha Christie, Death on the Nile (1937), ni mfano unaojulikana zaidi wa mauaji ndani ya chombo cha majini. Abiria wa merikebu iitwayo Karnak wanapanda mto Nile nchini Misri. Mwanamke tajiri, Linnet, anapigwa risasi usingizini. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Hivyo muuaji ni mmoja wa waliokula pamoja mezani. Mpelelezi Hercule Poirot anawahoji, kisha anafumbua.

Merikebu inampa mtunzi mambo matatu. Kwanza, mpaka: idadi ya watuhumiwa haiongezeki. Pili, muda: lazima jibu lipatikane kabla chombo hakijatia nanga. Tatu, jukwaa. Abiria ni wageni wao kwa wao, na kila mmoja anaweza kujivika nafsi aitakayo. Jambo hili la tatu ndilo lenye uzito mkubwa. Mauaji ya Linnet yanawezekana kwa sababu wapenzi wawili wanaigiza ugomvi mbele ya mashahidi. Bastola inafyatuliwa, mwanamume anajifanya amejeruhiwa mguu, watu wanahangaika, na katika dakika hizo chache kazi inafanyika. Mashahidi hawakusema uongo. Walichoshuhudia kilikuwa mchezo wa kuigiza, na wao bila kujua walikuwa hadhira yake.

Kwa hiyo, chini ya fumbo la merikebu pana suala la utendaji: nani anaigiza, mbele ya nani, na kwa kibali cha nani? Mpelelezi naye ni mtendaji. Hotuba yake ya mwisho ni onyesho linalofuta onyesho la muuaji. Mara tu onyesho hilo linapokwisha, dola hupokea kazi. Riwaya huchukulia kwamba nje ya merikebu ipo mahakama, kwamba mahakama hiyo itaamini ushahidi, na kwamba itamwadhibu aliyetenda. Imani hiyo haitajwi kwa kuwa haitiliwi shaka, na bila imani hiyo kufumbua kusingetosha kuwa mwisho wa hadithi.

Masimulizi yanayofuata yanatoka katika jamii ambazo imani hiyo haikuwepo, au ilivunjwa mbele ya macho ya watu.

3. Kihamba na chungu cha laana

Miteremko ya Kilimanjaro haina bahari, lakini haikukosa mduara uliofungwa. Mduara huo ni kihamba. Shamba la migomba linalorithishwa ndani ya ukoo, lenye nyumba ya walio hai na makaburi ya waliotangulia, lililozungushiwa masale ya kuonyesha mpaka, ndilo lililokuwa kitengo cha msingi cha maisha ya Wachaga. Majirani wa kihamba wengi wao ni ndugu. Wanagawana maji ya mfongo mmoja, wanakunywa mbege pamoja na kuchinja pamoja. Mali inapopotea au mtu anapokufa katika hali ya kutatanisha, mtuhumiwa hatafutwi mbali. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye kihamba methali hiyo ni maelezo ya ramani.

Tofauti na merikebu ni kwamba kihamba hakitii nanga. Abiria wa Karnak watatawanyika. Wakazi wa kihamba watabaki na mfongo uleule, na watoto wao watarithi ujirani uleule. Kumtaja muuaji hadharani bila uthibitisho ni kuanzisha uhasama wa vizazi. Kunyamaza ni kuishi na muuaji. Sanaa ya maneno ilipaswa kutafuta njia kati ya mambo hayo mawili.

Njia mojawapo ilielezwa na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumikia kwa muda mrefu Old Moshi. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926, anaeleza matumizi ya chungu cha laana na kengele ya laana. Mtu aliyedhulumiwa na asiyemjua mdhalimu wake angeweza kumwendea mwenye chungu, na maneno ya kiapizo yakatamkwa juu ya chombo hicho. Laana ilimwelekea mtu asiye na jina: yeyote aliyetenda. Haikuhitaji kumtambua, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba itampata yenyewe, na kwamba ikimkosa yeye itaupata ukoo wake.

Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, chungu cha laana ni utendaji uliokamilika. Lipo jukwaa, ipo ala, yapo matini yenye mpangilio, na ipo hadhira. Fanani ni mwenye chungu, na hadhira anayoilenga haijulikani lakini imo humo humo ndani ya mduara. Mtu mmoja miongoni mwa wanaosikia habari za laana anajua kwamba yeye ndiye anayesemwa. Taharuki inayozaliwa haimhusu mpelelezi bali mkosaji: atavumilia mpaka lini? Kila ugonjwa katika nyumba yake, kila mnyama anayekufa zizini, huwa ni ushahidi anaousoma peke yake. Ukoo nao huanza kuulizana. Fumbo linafumbuliwa kutoka ndani, kwa kukiri, na hufungwa kwa fidia na kwa ibada ya kuiondoa laana. Jani la sale, ambalo hadi leo ni ishara ya kuomba radhi miongoni mwa Wachaga, linaonyesha jinsi lugha ya alama ilivyobeba mzigo ambao maneno ya moja kwa moja yangeshindwa kuubeba.

Linganisho na merikebu linajitokeza wazi. Poirot hukusanya watu ili amtaje mmoja. Mwenye chungu hamtaji yeyote, na kwa kutomtaja huwafanya wote wajichunguze. Swali lake si "nani aliyeua?" bali "aliyeua ataishi vipi na neno hili?" Utaratibu huo, hata hivyo, ulikuwa na sharti moja: mkosaji awe ndani ya mduara, na awe mtu anayeogopa neno. Mwaka 1900 sharti hilo lilivunjika.

4. Tsudunyi, 1900

Meli alirithi umangi wa Moshi baada ya kifo cha baba yake, Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, mwaka 1891. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashinda askari wa Kijerumani, na kiongozi wa askari hao, von Bülow, akauawa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi chini ya Gavana von Schele wakiwa na nguvu kubwa zaidi, na Meli akashindwa. Kwa miaka iliyofuata alitawala chini ya uangalizi wa boma la Moshi, ambalo kamanda wake alikuwa Kapteni Kurt Johannes.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 Meli alishtakiwa kwa kula njama ya uasi pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Watu 19 walinyongwa, miongoni mwao Meli wa Moshi, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Kathleen Stahl, aliyekusanya masimulizi ya wazee kwa ajili ya kitabu chake cha historia ya Wachaga kilichochapishwa mwaka 1964, anaonyesha kwamba kumbukumbu za mlimani zinamtaja mtu wa kumi na moja katika kila kikao cha watu kumi: yule aliyepeleka maneno. Jina linalotajwa mara nyingi ni la Mangi Marealle wa Marangu, ambaye inadaiwa alimfanya Johannes aamini kuwa njama ipo. Dai hilo halina budi kusomwa pamoja na historia ya ushindani wa umangi wa Moshi, Kibosho na Marangu. Fanani wa Old Moshi anapomtaja mshitaki wa Marangu, hatoi ushahidi tu. Anaendeleza pia mabishano ya zamani.

Kinachohitaji kuzingatiwa hapa ni umbo la masimulizi. Tukio lenyewe lilipangwa kama onyesho. Kunyonga hadharani, mtini, mbele ya watu walioletwa kutazama, ni utendaji wenye ujumbe kwa hadhira. Kwa maelezo ya Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, bibi yake alilazimishwa kushuhudia mumewe akinyongwa, na ni yeye aliyemsimulia kwamba Meli alibaki hai kwa saa kadhaa akiwa kitanzini. Dola ilimweka mjane katika nafasi ya hadhira ili anyamaze. Yeye alitoka hapo akiwa fanani. Alichoonyeshwa ili aogope alikigeuza kuwa hadithi ya kusimuliwa mjukuu, na mjukuu alitumia zaidi ya nusu karne akidai mabaki ya babu yake.

Kwa hakika, masimulizi hayo yana kila kiungo cha riwaya ya upelelezi isipokuwa kimoja. Ipo maiti. Wapo mashahidi. Upo mduara wa watuhumiwa, ambao ni wamangi waliokuwa wakila na kunywa pamoja na kuozana mabinti. Ipo hila inayodaiwa kuigizwa mbele ya kamanda, kama ugomvi ulivyoigizwa katika saluni ya Karnak. Kinachokosekana ni mahakama nje ya merikebu. Aliyehukumu ndiye aliyeua. Katika hali hiyo, kufumbua hakuwezi kuwa kumkabidhi mkosaji kwa dola. Kunabaki kuwa kusema, na kusema tena.

Ushahidi wenyewe uliondolewa. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, katika zama ambazo mafuvu ya Waafrika yalikusanywa kwa ajili ya kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Merikebu, ambayo katika riwaya ya Kiingereza humfungia muuaji pamoja na ushahidi, katika historia ya Moshi ilikuwa chombo cha kuuondoa ushahidi mbele ya wafiwa.

5. Fanani wa Unguja na muuaji aliyevuka maji

Hali ya mahakama isiyotenda haki haikuwa ya mlimani peke yake. Katika Unguja ya ukoloni wa Kiingereza, robo karne hivi baadaye, mauaji yasiyohusiana na siasa za wamangi yalizaa utungo wenye umbo linalofanana na hayo. Huo ni wimbo wa Kijiti, uliokuwa miongoni mwa nyimbo za kundi la Siti binti Saad, na ambao Laura Fair (2001) ameujadili kwa kina katika utafiti wake wa starehe na siasa mjini Unguja.

Kisa ni hiki. Mwanamke mgeni kutoka bara, mjamzito, anatoka na wenzake kwenda ngomani Chukwani. Wamechukua kinywaji. Mwanamume aitwaye Kijiti anamchukua mgeni huyo, anampeleka maguguni, na anayerejeshwa ni maiti. Muuaji anavuka kwenda bara. Kesi inapofika mbele ya jaji, hasira ya jaji inawaangukia mashahidi: wanawake waliokwenda kueleza yaliyotokea ndio wanaofungwa, kwa sababu ya kile kinywaji. Wimbo unaliona jambo hilo kuwa ajabu ya maji: aliyeua amevuka salama, waliosema kweli ndio waliozama.

Hakuna fumbo la utambulisho katika wimbo huu. Jina la muuaji limo katika mwanzo wake. Badala ya kufichua, utungo unafanya kazi nyingine tatu. Unahifadhi mahali: Chukwani palipochezwa ngoma, Sharifu Msa palipotokea mauti. Unahifadhi mwenendo wa mahakama, ukiwa pamoja na matusi ya jaji kwa mashahidi. Na mwishoni unageuka kuwa kiapizo: Kijiti anaonywa asithubutu kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa kuna anayemngoja huko, na kwa kuwa kila mtu anamlaani.

Hapa ndipo wimbo wa Unguja unapokutana na chungu cha Old Moshi. Hakuna haja ya kudai kwamba kimoja kilitokana na kingine. Hakuna ushahidi wa namna hiyo, na jamii hizi zilikuwa na mila, dini na mazingira tofauti. Kinacholingana ni nafasi ya kijamii. Pale ambapo chombo cha kuhukumu hakipo, au kipo kikawaadhibu waliodhulumiwa, kiapizo hushika nafasi ya hukumu. Tofauti ni kwamba chungu humlaani asiyejulikana ili ajitokeze, na wimbo humlaani anayejulikana ili asipate mahali pa kujificha. Mduara wa kihamba umepanuliwa ukawa mduara wa hadhira: popote wimbo unapofika, Kijiti yumo ndani ya merikebu.

Kupanuka huko kuliwezeshwa na safari ya baharini ya mafanani wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya hali ya chini, alisafiri kwa merikebu pamoja na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Santuri za kundi hilo zilisambaa pwani na bara. Muuaji alitumia bahari kukwepa jina lake. Mafanani waliitumia bahari hiyohiyo kuyapeleka majina mbali. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti uliotoka mwaka 1958, aliona kwamba maisha ya mwimbaji huyo yalistahili kuhifadhiwa katika nathari ya kiwango cha juu. Uamuzi huo ulikuwa pia kukiri kwamba fanani wa aina yake ni mwanahistoria.

6. Bwana Msa mbele ya mzimu

Ni katika mazingira ya kisiwa hichohicho ambamo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa. Muhammed Said Abdulla, mwenyeji wa Makunduchi aliyezaliwa mwaka 1918 na kufanya kazi ya uhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Ilifuatiwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na nyinginezo. Uhusiano wa Bwana Msa na Sherlock Holmes umetajwa mara nyingi na haukanushiki: kiko mdomoni, rafiki wa kushangaa pembeni, akili inayosoma alama ndogo.

Lakini kiini cha riwaya hiyo ya kwanza kinaangukia moja kwa moja katika mada ya makala haya. Bwana Ali Bomani anakutwa amekufa mzimuni. Maoni ya wengi ni kwamba wafu wa kale wamemuua. Mzimu, kwa maneno mengine, umeshatoa hukumu, na hukumu hiyo inamfaa muuaji halisi kuliko mtu yeyote. Muuaji amejificha nyuma ya utendaji wa jamii, kama wauaji wa Karnak walivyojificha nyuma ya ugomvi wa kuigiza. Kazi ya Bwana Msa si kutafuta jina tu. Anapaswa kwanza kuirudisha hatia kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai.

Ukisomwa hivyo, upelelezi wa Msa ni mabishano na chungu cha laana badala ya kuwa nakala ya Holmes peke yake. Laana inasema: neno litampata. Msa anasema: neno linaweza kumficha. Riwaya hii inatambua hatari iliyomo katika kuuachia ulimwengu usioonekana kazi ya kuhukumu, na inatambua hivyo kwa kuwa imetoka katika jamii inayoujua uzito wa mzimu. Holmes hakuwahi kuhitaji kubishana na mzimu kwa niaba ya mji mzima.

Watunzi waliofuata waliubadilisha mduara. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) aliuhamishia Dar es Salaam, jiji la simu na magari, na Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), akaupanua uwe bara zima, na adui wake akawa ukoloni wenyewe. Ni jambo la kuzingatia kwamba Willy Gamba wa Musiba hupambana na wauaji ambao hawawezi kufikishwa mbele ya mahakama ya kawaida. Swali la Tsudunyi, la muuaji aliye juu ya sheria, lilirudi likiwa limevaa suti na kushika bastola.

7. Mipaka ya hoja

Haifai kuupamba utendaji huu kupita kiasi. Chungu cha laana hakipimi ushahidi. Kwa kuuangukia ukoo mzima, kiliweza kuwatesa wasio na hatia, na kifo cha kawaida cha mtoto kiliweza kusomwa kuwa ungamo la baba yake. Wimbo nao humhukumu mtu bila kumpa nafasi ya kujitetea, na jina likishaingia katika wimbo halitoki. Masimulizi ya mjini na mlimani huchagua mkosaji anayelingana na uadui uliokwisha kuwepo, kama suala la Marealle linavyoonyesha.

Udhaifu huo ndio unaofanya uhusiano wa aina hizi tatu uwe wa kihistoria badala ya kuwa mfanano wa juujuu. Riwaya ya upelelezi ilikuja na kanuni ya ushahidi, na kwa kanuni hiyo iliweza kuikosoa laana. Laana na wimbo, kwa upande wao, vilikuwa na jambo ambalo riwaya ya merikebu hailijui: kumbukumbu isiyokubali kufungwa kwa sababu tu mlango wa mahakama umefungwa. Uhakiki unaoanza historia ya utanzu huu kwa Conan Doyle unaona nusu ya kwanza tu. Unamfundisha mwanafunzi wa Kiswahili kutafuta wazazi wa Bwana Msa London, na kumficha ndugu zake walioko Chukwani na Old Moshi.

8. Hitimisho

Kazi ya sanaa iitwayo Mangi Meli Remains, iliyoandaliwa kwa ushirikiano wa wasanii wa Ujerumani na Tanzania, iliwekwa Old Moshi. Masimulizi ya mjane yalirudi pale yalipoanzia, safari hii yakiwa mbele ya hadhira ya vijana wa kijiji na ya wageni kutoka nchi iliyonyonga. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyahusisha mafuvu matatu ya makusanyo yake na koo zilizo hai za Kilimanjaro. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Maabara ilifanya kazi ya mpelelezi: ilisoma alama ndogo ikatoa jina. Lakini maabara isingeulizwa chochote kama swali lisingekuwa limetunzwa, jioni baada ya jioni, kwa maneno ya bibi kwa mjukuu. Ushahidi ulikuwa Berlin tangu zamani. Fumbo lilikuwa Old Moshi. Bila fumbo, ushahidi ulikuwa mfupa wenye namba.

Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Historia iliyoelezwa hapa inaongeza kwamba kuna mafumbo ambayo jamii haiyafumbi wala haiyafumbui, bali huyashika, ikingoja siku ambayo atapatikana wa kujibu. Abiria wa Karnak walishuka na hadithi ikaisha. Katika Tsudunyi mti ungali umesimama, ukoo ungali unangoja mazishi, na mwenye kusimulia hajashuka.